Shabiki wa Wanyonge

Fundi hakuwahi maishani mwake kushabikia timu iliyokuwa ikishinda. Mtaa mzima ulilijua hilo na kulifanyia mzaha. Ukimkuta kwenye cherehani yake, redio ikitangaza mpira, hukuwa na haja ya kumuuliza yuko upande wa nani. Ulimuuliza tu nani kafungwa. Zikicheza timu mbili asizozijua, za nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, alisikiliza dakika tano, akakata uzi kwa meno, akasema, "Hawa wenye kipa mgeni ndio wangu." Na hao wakamtoa jasho mpaka filimbi ya mwisho. Wakipata bao moja alifurahi. Wakipata la pili alianza kutulia. Wakipata la tatu, basi, alishawahama, maana sasa wale wengine ndio waliotia huruma. Hata kwenye masumbwi alimchagua bondia ambaye bukta yake ilimpwaya.

"Wewe si shabiki," mumewe alizoea kumwambia. "Wewe ni gari la wagonjwa."

Mumewe alikuwa karani mstaafu wa posta, mtu wa timu moja, kubwa, kwa miaka arobaini. Ikishinda alilala. Ikifungwa alilala pia, ila kwa kuchelewa kidogo. Watu wakamwona mkewe kuwa ndiye mwenye moyo, na kweli moyo alikuwa nao. Lakini tuseme ukweli, kulikuwa na ujanja pia ndani yake. Anayewashabikia wanaofungwa kila siku huwa ameshafungwa kabla mpira haujaanza, kwa hiyo hakuna wa kumfunga tena. Maumivu yake ni ya nyumbani, ameyazoea, anajua yanapoanzia na yanapoishia.

Shida ilimwingia ndani ya nyumba yake mwenyewe. Binti yake wa mwisho alikuwa kipa. Miaka minne alidakia timu ya sokoni, timu ya wasichana wauza mboga na vitunguu waliofanya mazoezi baada ya kufunga meza zao, na katika miaka hiyo minne alifungwa mabao ya kujaza kapu. Fundi hakukosa mechi hata moja. Alisimama nyuma ya goli la mwanawe, mkoba kwapani, akiumia kwa raha zake zote. Msimu huu binti akachukuliwa na timu ya kiwanda, yenye basi lake, yenye mtu wa kuwakanda misuli, yenye jezi zinazokuja zimefungwa kwenye nailoni. Kiwanda kilikuwa hakijafungwa tangu mwaka uanze. Fundi alikwenda kumwangalia mara mbili, kisha ghafla akawa na kazi nyingi.

Alhamisi jioni binti alipita kazini kwa mama yake akitoka mazoezini. Kazini penyewe palikuwa chumba kimoja cha mbele: cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kujipimia. Aliketi kwenye ukingo wa meza, akasogeza makasi.

"Jumamosi tunacheza na sokoni," alisema.

"Nimesikia."

"Na yule kocha wa timu ya taifa anakuja. Wanatafuta kipa wa tatu. Wamebaki wawili, mimi na mwingine, na huyo mwingine wameshamwona. Jumamosi ndiyo zamu yangu, mama. Nikiharibu, hakuna zamu nyingine. Mwakani nitakuwa na miaka ishirini na saba."

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. Alitaka kusema kitu cha kumtia moyo, na kitu hicho kikakataa kuja. Alichokiona akilini kilikuwa wale wasichana wa sokoni, ambao wakifungwa Jumamosi wanashuka daraja.

"Bukta zao umeshona wewe," binti aliendelea, sasa akiangalia sakafu. "Umewapima wote. Wewe ukimpima mtu unajua anavyosimama, anaegemea wapi, bega lipi liko juu. Ulikuwa unaniambia mwenyewe. Sasa mimi nataka kitu kimoja tu. Mpiga penalti wao ni Kibiriti. Kibiriti anaegemea wapi?"

"Mwanangu, hayo siwezi."

"Hutaki."

"Vipimo vya mtu havitoki nje ya mlango huu. Mtu anavua hapa nyuma ya pazia, ananiamini. Nikianza kusema nani kiuno chake kimekaaje, si bora nifunge kazi?"

"Sijakuuliza kiuno cha mtu wa mtaani. Nimekuuliza mimi, mwanao."

"Hata angekuwa baba yako."

Binti alishuka mezani. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Nilipokuwa nafungwa sita, ulikuwa unanikanda mabega, unanisubiri mlangoni. Tangu nianze kushinda huniulizi hata tumetoka ngapi. Wakati mwingine naona ulikuwa unanipenda zaidi nikifungwa."

Akachukua begi lake akaondoka. Fundi akabaki na mguu juu ya kanyagio, hajui ashone nini.

Alipopata nguvu alivuta droo akatoa daftari lake la vipimo. Hakuhitaji kulifungua, alikijua kilichoandikwa. Kibiriti aliitwa hivyo kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyowaka akipata mpira. Alikuja mwanzo wa msimu, peke yake, baada ya wenzake wote kupimwa, akaomba mlango ufungwe. Nyuma ya pazia akaeleza kwa haraka, macho ukutani: mguu wake wa kushoto ni mfupi kuliko wa kulia. Si sana, upana wa kidole gumba. Kocha hajui. Akijua atamweka benchi, atasema ataumia. "Nifanyie bukta ikae sawa, mama fundi. Watu wasione." Fundi akampunguzia upande wa kushoto, polepole, pini kwa pini, mpaka ukingo ukakaa sawasawa juu ya magoti yote mawili. Kibiriti akarukaruka mbele ya kioo akicheka. Pembeni ya jina lake kwenye daftari, Fundi aliweka alama ndogo ya msalaba na basi.

Lakini jicho la fundi halina kufumba. Tangu siku ile, kila alipomwona Kibiriti akipita na kreti la vitunguu, alimwangalia nyonga. Alijua akichoka nyonga ya kushoto inashuka, mwili mzima unalalia huko, na mpira anaoupiga unavutwa upande huo huo. Angeweza kumwambia binti yake kwa maneno matano.

Ijumaa ilikuwa siku ya kupoteza kitambaa. Alishona mkono wa blauzi ya mwalimu nje ndani, akaufumua, akaushona nje ndani tena. Chakula cha mchana kilimshinda. Jioni alimuuliza mumewe, akijifanya anauliza tu, "Hivi nyie mnaoshabikia wenye nguvu mnafanyaje?"

Mumewe alishusha gazeti. "Unakaa, unashangilia, unarudi nyumbani unalala. Halina ufundi."

"Na ukiwaona wale wengine wanalia?"

"Unaangalia pembeni." Alilikunja, akauacha mzaha. "Kesho si mechi ya redioni, mama watoto. Huyo ni mwanetu. Ukishindwa kuwa upande wake kesho, kaa nyumbani."

Maneno hayo yalimchoma kwa sababu alishajiambia mwenyewe usiku wa jana. Hakuuogopa mguu wa Kibiriti wala macho ya kocha wa taifa. Alijiogopa yeye. Aliogopa kwamba goli likiingia kwa mwanawe, mahali fulani ndani yake patacheka.

Jumamosi alikwenda. Alifika mapema mno, akachagua nafasi yake ya zamani nyuma ya goli, karibu na uzio wa mabati. Binti alipotoka kupasha misuli alimwona, akainua glavu kidogo, basi. Fundi akampungia kwa mkono wote, kupita kiasi, kama mtu anayeaga treni.

Kipindi cha kwanza kiwanda kilipata bao la mapema. Fundi alipiga makofi. Makofi yenyewe hayakuwa na mdundo. Mama mmoja kando yake aligeuka kumwangalia kama mtu aliyeacha mgonjwa nyumbani. Mapumziko alizunguka uwanja kufuata goli la binti yake, na njiani akapita mbele ya benchi la sokoni. Walikuwa wanakunywa maji kutoka ndoo moja, kikombe kimoja kikizunguka. Wengine walimsalimia, "Shikamoo, mama fundi," bukta zake zikiwa zimewakaa vizuri, na akaitikia "Marahaba" bila kusimama. Kibiriti alikuwa amekaa chini amenyoosha miguu, anafunga kamba. Fundi akajikuta ameangalia kila mguu unaishia wapi.

Kipindi cha pili sokoni walikuja juu. Hawakuwa na la kupoteza, na mchezaji asiye na la kupoteza anakuwa mbaya kama nyuki. Binti alidaka mpira wa kichwa uliokuwa unaingia. Akautoa mwingine kwa ncha za vidole, ukagonga mlingoti. Fundi alijivunia, nasema kweli, alijivunia hadi machozi. Lakini kila mpira uliodakwa ulimwacha msichana mmoja wa sokoni amejishika kichwa, na Fundi alimwona huyo pia, na moyo wake ukawa unakwenda huku na kule kama kitambaa kilichotoka kwenye njia ya sindano. Alijisemesha kimyakimya: mwanangu, mwanangu, mwanangu. Ilimsaidia dakika mbili tatu.

Zikiwa zimebaki dakika chache, beki wa kiwanda akaushika mpira ndani ya boksi. Aliushika waziwazi, hata mwenyewe hakubisha. Refa akanyoosha mkono kwenye alama ya penalti.

Kibiriti akauchukua mpira.

Alikuwa amechoka. Fundi aliliona hilo kabla hata hajaingia ndani ya boksi. Ukingo wa bukta, ule alioupima kwa pini, haukuwa sawa tena. Upande wa kushoto ulikuwa umeshuka, mwili umelala. Atapiga kushoto kwake. Hakuwa na shaka yoyote, alilijua hilo kama anavyojua shati litakalopasuka mgongoni.

Binti alisimama kwenye mstari. Kabla ya kugeukia mpira, alimtazama mama yake. Haikuwa ishara wala ombi. Alitazama tu, kama mtu anayepita mbele ya mlango akiangalia kama kuna taa. Fundi alihisi shingo yake inataka kusogea, inchi moja tu, kuonyesha. Pua ingetosha. Nyusi ingetosha. Akainamisha kichwa akatazama viatu vyake, na akabaki hivyo mpaka alipohisi mwanawe amegeuka.

Alipoinua macho, binti alikuwa amempa mgongo. Mbele yake, ng'ambo ya nyavu, alikuwa Kibiriti, amesimama nyuma ya mpira na nyonga imeshuka, mwembamba, peke yake, na timu nzima ya sokoni nyuma yake wameshikana mabega. Na hapo kilichokuwa ndani ya Fundi tangu Alhamisi kikakatika. Alimwonea huruma yule msichana mpaka mwili ukamuuma. Aliuhisi ule mguu kama ni wake. Bila kupanga, bila hata kujua, mkono wake ulishuka ukajishika nyonga ya kushoto, ukaibana kama mtu anayezuia kitu kisianguke.

Kibiriti aliinua uso. Macho yake yalipita juu ya bega la kipa, yakatua kwa Fundi, yakashuka kwenye ule mkono.

Refa akapuliza. Kibiriti akaanza kukimbia, na hatua ya tatu ikawa fupi, ya nne ikawa ndefu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Akabadili mawazo akiwa njiani. Akapiga, na mpira ukatoka mlegevu, wa katikati, usio na nguvu ya kumtisha mtoto. Binti alikuwa bado hajaruka popote. Alipiga goti moja, akaukumbatia.

Baada ya hapo uwanja ulikuwa kelele tupu. Filimbi ya mwisho ilipigwa, wasichana wa kiwanda wakamrukia kipa wao, na kule jukwaani mtu mwenye kofia ya michezo akafunga kitabu chake, akashuka, akamfuata binti hadi kwenye mstari. Akampa mkono. Akasema naye kwa muda mrefu kuliko muda wa kusema pole. Fundi aliyaona yote hayo akiwa ameshikilia uzio wa mabati. Alimshukuru Mungu, kisha akatafuta wa sokoni walipo, kwa mazoea.

Kibiriti alikuwa anakuja kwake. Alikuja taratibu, amelowa, akasimama upande wa pili wa nyavu.

"Mama fundi, ulimwambia?"

"Haki ya Mungu sikumwambia."

"Najua. Angekuwa anajua asingesimama katikati." Alijifuta uso kwa jezi. "Basi ule mkono ulikuwa wa nini?"

Fundi angeweza kusema alibanwa na kichomi. Watu wa rika lake hubanwa na vichomi. "Nilikuwa nakuogopea," alisema. "Nilitaka ufunge."

"Kwa mwanao?"

Fundi alizishika nyavu kwa vidole, akaitikia kwa kichwa.

Kibiriti alitikisa kichwa. Hakukuwa na hasira usoni mwake. Angekuwa na hasira ingekuwa nafuu. "Mimi mguu huu naukumbuka asubuhi nikivaa viatu, basi. Nikiingia uwanjani sina habari nao. Penalti kumi na moja nimepiga, zote zimeingia, sijawahi kuuwaza. Leo nimeinua macho nikakuona umejishika pale. Nikasema, kumbe ndivyo mama fundi anavyoniona. Kumbe siku zote nikimpita pale dukani haoni Kibiriti, anaona nyonga. Nikaanza kuuwaza mguu, na nikauwaza mpaka mpira ukaisha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Hukunikosea kitu. Ulinipenda." Alilitamka neno hilo kama anamrudishia nguo isiyomtosha. "Ila usinishabikie tena, mama. Tafadhali."

Akageuka akaenda zake kwa wenzake, ambao walikuwa wamekaa chini kwenye nyasi na sasa timu yao ilikuwa ya daraja la chini. Fundi alijua bila kuambiwa kwamba kichwani mwa Kibiriti mguu ule hautasahaulika tena, msimu ujao wala mwingine, kila atakapouweka mpira kwenye alama. Wachezaji wa kiwanda walikuwa wamemkaba dakika tisini wakashindwa kumwangusha. Yeye alimwangusha kwa kumhurumia.

"Mama!"

Binti yake alikuwa anakimbia, glavu mkono mmoja, uso wote meno. Alizunguka mlingoti wa goli akamkumbatia kwa jasho lake lote. "Jumatatu naripoti kambini. Amesema mwenyewe, Jumatatu. Umeniona? Umeniona nilivyotulia?"

"Nimekuona."

"Unajua kwa nini nilitulia? Nilikutazama. Nikasema, mama akinionyesha nitaruka, asiponionyesha sijui nitafanya nini. Ukainamisha kichwa. Nikaona, basi, ameniachia. Anaamini naweza mwenyewe." Sauti ilimpasuka kidogo. "Hujawahi kunifanyia hivyo, mama. Miaka yote ulikuwa unanisimamia nyuma ya goli na ile sura, na mimi nikikuona nilikuwa najua tayari nimefungwa."

Fundi alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, mfupi, wa kumwambia kwa maneno machache: kwamba hakuinama kwa imani, na kwamba sekunde moja baadaye moyo wake ulikuwa ng'ambo ya nyavu. Alimwangalia mwanawe, mwanamke wa miaka ishirini na sita, mabega mapana, anacheka na kulia pamoja. Hakuona popote pa kumhurumia. Alitafuta, kwa mazoea, na hakupaona, na ikampa hofu ya ajabu kusimama mbele ya mtu wake mwenyewe bila huruma mkononi, hajui ampende kwa kushika wapi.

"Sasa unalia nini?" binti aliuliza. "Tumeshinda."

"Ndiyo," alisema Fundi. "Tumeshinda."

Neno lilimtoka kwa shida, kama la lugha ya ugenini. Nyuma ya bega la binti yake, wasichana wa sokoni walikuwa wanainuka mmoja mmoja kwenda kubadili nguo, na alijua Kibiriti yumo, na alijua akitazama atatazama wapi. Akayafumba macho, akamshika mwanawe kwa mikono yote miwili, akasubiri mpaka wapite.